Panya wa Siku Tatu

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya darsa la alasiri)



Ndugu zangu, mdogo wangu wa kike ana kisukari cha aina ya kwanza. Kila anayesikia humuuliza mama, "Ulikuwa ukimpa peremende nyingi?" Jamani, si peremende! Kinga ya mwili wake, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, ilimgeuka ikashambulia kongosho na kuziua seli zinazotengeneza insulini. Lupasi nayo imo katika kundi hilohilo la maradhi.

Sasa mbona sisi wengine kinga zetu hazitugeuki? Aliyeling'ang'ania swali hili ni Mjapani, Shimon Sakaguchi, aliyezaliwa 1951 na kuhitimu udaktari Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1976. Akiwa masomo ya juu alisoma majaribio ya Wajapani wenzake: panya akitolewa tezi ya thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kinga yake huuharibu mwili wake mwenyewe. Ajabu hiyo! Tezi hiyo, iliyoko kifuani, ndiyo inayokuza seli T, yaani askari wa kinga. Ukipunguza askari, vita vizidi vipi? Sakaguchi akaacha masomo, akaenda kwenye taasisi yalikofanyika majaribio hayo.

Akawadunga panya hao seli T kutoka kwa panya wenye afya, na ugonjwa haukutokea. Kumbe miongoni mwa askari wamo wanaowazuia wenzao.

Lakini nani amwamini? Habari ya seli za kuzuia ilivuma miaka ya 1970, kisha ushahidi wake ukaporomoka, na wataalamu wengi hawakutaka hata kuisikia tena. Yeye akaendelea, akafanya kazi miaka kadhaa Marekani, hadi 1995 alipochapisha alama ya kuzitambulia seli hizo, protini iitwayo CD25. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakagundua jeni ya Foxp3, na 2003 Sakaguchi akaonyesha kuwa ndiyo inayoziongoza seli zake. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Hesabuni wenyewe miaka hiyo.

Nilipomsimulia mdogo wangu, aliuliza moja tu, "Kwa hivyo sindano nitaacha lini?" Nikamwambia kweli: tiba za seli hizi bado zinajaribiwa. Akanuna kidogo. Kisha akasema, "Basi mwambie mama si kosa lake."