Siku 30 Baada ya Kuachishwa Kazi
Hotuba ya Afisa Kazi katika mkutano wa hadhara wa kata



Nimeombwa nizungumzie wajibu wa Serikali katika mambo ya kazi. Wajibu huo ni mpana, nami sitaumaliza leo. Nitashika jambo moja linalowapotezea watu haki zao, nalo ni kuchelewa.

Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine, kama mshahara usiolipwa, ina siku 60. Lakini desturi yetu ni ipi? Mhudumu wa nyumba ya wageni huambiwa Jumamosi asirudi. Humwendea mjumbe, kisha ofisi ya kata; tajiri huitwa, huahidi kulipa mwisho wa mwezi, na mwezi huzaa mwezi. Kusuluhishana kijirani ni jema, wala silipingi. Ila ahadi ya tajiri haisimamishi hesabu ya siku. Aliyechelewa hulazimika kuomba kwanza asamehewe, kwa sababu za msingi, kabla madai yenyewe hayajasikilizwa.

Wengine hukata tamaa kwa kuwa hawakuandikiana mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Asipoweza kuyaonyesha katika shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake. Hata hivyo, tunzeni jumbe za malipo za simu, vitambulisho, hata daftari la zamu.

Asiyetimiza miezi 6 kwa mwajiri wake hana kinga hii ya kuachishwa isivyo halali. Ujira wa siku alizofanya kazi, huo ni wake.

Kwa aliye bado kazini, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Likivunjwa hilo, tuiteni: Afisa Kazi anayo mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu na kutoa amri.

Mgogoro huanza kwa kujaza Fomu Na. 1 ya Tume. Nakala apelekewe mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipata uambatishwe. Nawe Ndugu Mtendaji, watu hawa wakifika ofisini kwako, nakuomba uwaulize kwanza tarehe waliyoachishwa kazi.