Mbwa na Kuku Katika Ua Mmoja

Leo tumekuja kuzungumza nanyi juu ya mbwa na kuku. Wengine mtacheka. Mtasema, "Mbwa naye afundishwe?" Ngojeni kwanza tuwaeleze yaliyotupata.

Nyumbani kwetu tuna mbwa hodari. Usiku hapiti mwizi wala fisi. Siku moja mbwa huyo aliingia kwa jirani, akaua kuku mmoja na vifaranga wake 6. Mama mwenye kuku alikuwa akiwategemea anunue madaftari ya watoto. Alikuja kwetu analia. Tulimlipa, lakini maneno mabaya yalikwisha semwa. Nyumba zetu mbili hazikusalimiana kwa miezi 3.

Watu walituambia tumwue mbwa. Tulikaa tukajiuliza: kosa ni la nani? Tukaona kosa ni letu. Mbwa hajui kwamba kuku ana mwenyewe. Akiona kitu kinakimbia na kupiga mabawa, hukikimbiza. Ndiyo asili yake. Tena sisi hatukuwa tunamlisha. Kuku wakifa kwa kideri, tulimtupia mizoga ale. Basi nani alimfundisha kwamba kuku ni chakula? Si sisi wenyewe?

Tukaanza upya. Haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza, tulimlisha asubuhi na jioni. Mizoga ya kuku tukawa tunaifukia shimoni.

Pili, tulimvika mkanda shingoni na kumfunga kamba. Kuku wakiwa nje, mbwa yuko kwenye kamba, kivulini, na maji karibu. Mbwa akimkimbiza kuku mara moja anaona raha, kesho atataka tena. Kwa hiyo asipate nafasi hiyo.

Tatu, kila siku tulimpa somo la dakika 10. Tulimshika kamba, tukasimama naye hatua 20 kutoka kwa kuku. Tulimwita jina. Akiacha kuwatazama kuku akatugeukia, papo hapo tulimpa dagaa mmoja. Akivuta kamba, tulirudi naye nyuma mpaka atulie, halafu tukaanza tena. Alipozoea, tulisogea hatua mbili tatu. Hatukuwa na haraka.

Nne, tulichagua neno moja tu: "Acha!" Watu wote wa nyumbani walitumia neno hilo hilo. Maana baba akisema "Acha", na watoto wakisema "Toka", mbwa atashika lipi?

Tano, hatukumpiga. Wako watu humfunga mbwa mzoga wa kuku shingoni mpaka uoze. Jamani, huko ni kumtesa bure. Mbwa anayepigwa humwogopa mwenye fimbo. Mwenye fimbo akienda shambani, kuku wamekwisha!

Sita, tuliwatengeneza na kuku. Usiku wanalala bandani. Kuku mwenye vifaranga wadogo tunamweka ndani ya tenga. Kuku huyo ni mkali, humrukia mbwa usoni, na hapo hata mbwa mpole anaweza kuuma.

Kazi hii ilituchukua zaidi ya miezi 4. Leo mbwa wetu analala chini ya mwembe, na kuku wanachakura karibu naye. Lakini hatumwachi peke yake na vifaranga. Mbwa aliyekwisha onja kuku usimwamini moja kwa moja.

Ukiwa na mbwa mdogo, kazi yako ni nyepesi. Samaki mkunje angali mbichi. Tangu ana miezi 2, mzoeshe kuwaona kuku akiwa kwenye kamba. Mchezo wa kuwafukuza usimruhusu hata siku moja, hata kama unachekesha.

Jambo la mwisho ni kubwa. Mbwa apate chanjo ya kichaa cha mbwa afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Mbwa mpole akibadilika ghafla, akauma kuku, mbuzi na watu ovyo, huyo hahitaji mafunzo. Huenda ana kichaa. Msimsogelee, mwiteni bwana mifugo. Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kuona dalili. Dalili zikitokea, kupona ni vigumu mno.

Yule mama jirani sasa anapita uani kwetu bila fimbo. Juzi alisimama akamtazama mbwa, akasema, "Kumbe naye amehitimu kisomo!" Tulicheka wote. Kuku tuliweza kulipa, lakini ujirani hauuzwi sokoni.