Mama Kando ya Kitanda cha Mwanawe



Mzazi ampelekapo mtoto hospitali hupima mambo mawili: dawa na ulimi. Dawa hana elimu ya kuipima. Ulimi huupima tangu mlangoni. Ndiyo sababu wazazi wakiulizwa habari za hospitali hawaanzi na sindano, huanza na jinsi walivyojibiwa. Wako waganga waliodhani kuwa hayo ni manung'uniko ya watu wasiojua utabibu. Kisa cha Uingereza chaonyesha kwamba walikosea.

Katika nchi ile, hata baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, mtoto akilazwa, wazazi wake waliruhusiwa kumwona saa chache tu katika juma, na hospitali nyingine ziliwakataza kabisa. Wauguzi walikuwa na hoja: mama akija mtoto hulia, asipokuja hutulia. Mwaka 1952 Bwana James Robertson alionyesha filamu aliyoipiga ya binti wa miaka miwili aliyelazwa siku 8, na baadhi ya madaktari walioiona wakakasirika. Lakini Robertson alikuwa amewatazama sana watoto wodini. Alisema kwamba mtoto kwanza humlilia mama yake, kisha hukata tamaa akanyamaza, na mwisho huwa kama hamjali tena. Ule utulivu uliosifiwa ulikuwa ni majonzi.

Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt, naye ni daktari wa upasuaji, iliishauri serikali ya huko kwamba wazazi wasiwekewe saa za kuwaona watoto wao, na mama za watoto wadogo walazwe pamoja nao. Hospitali nyingi zikasitasita. Ndipo mwaka 1961 akina mama wa London wakaunda chama chao, wakaanza kuzidai hospitali zitimize shauri lile.

Huku Afrika Mashariki mama kulala na mwanawe hospitali si jambo geni. Lakini hapana haja ya kujisifu. Mama huyo hufua nguo, hulisha, husafisha, na mara nyingi hakuna amwulizaye, "Usiku mtoto amekuwaje?" Yupo, wala hasikilizwi, naye ndiye aliyeona, saa nane za usiku, pumzi za mtoto zikibadilika.

Pako mahali palipofanywa vyema zaidi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, kilianzishwa mwaka 1965 kituo cha Mwanamugimu kwa watoto waliodhoofika kwa kukosa chakula bora. Mama walikaa na watoto wao, wakafundishwa kuwapikia vyakula vya nchi ile ile: ndizi, maharagwe, karanga. Mama aliona kwa macho yake mwili wa mwanawe ukirudi kwa chakula alichokipika mwenyewe.

Shirika la Afya Ulimwenguni nalo, katika kanuni zake za mwaka 2018 juu ya matibabu ya watoto, limehesabu maelezo mema na heshima kuwa sehemu ya ubora wa matibabu, pamoja na dawa.

Wazazi nao wana deni lao. Yuko afichaye miti shamba aliyomnywesha mtoto, kwa kuogopa kukemewa. Na daktari hutibu asilolijua.

Kwa hiyo ingefaa chama kiwachague akina mama wawili watatu wenye uzoefu, wamsindikize kila mama mgeni asiyejua lugha ya hospitali, wamwulizie jina la ugonjwa na saa za dawa, na wakae naye hata atakapojibiwa.