Kuuliza si Ujinga: Kijana wa Kilwa na Mwaka wa Kwanza wa Chuo Kikuu

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wazazi na vijana wa Kilwa na pwani ya Lindi.)



Kila mwaka, masomo ya vyuo vikuu yanapofungwa, huteremka mabasini pale Nangurukuru vijana waliomaliza mwaka wao wa kwanza wa shahada. Baadhi yao hushika njia ya Kivinje na Masoko, na wenzao huendelea na safari hadi Mchinga na Lindi. Nyumbani hupokewa kwa furaha. Mama amekwisha kupika wali wa nazi na samaki, na baba amewaarifu majirani kwamba msomi wake amerudi. Baada ya chakula, bibi huuliza swali lake: "Haya, mjukuu wangu, huko umesoma nini?"

Swali hilo ni dogo, lakini vijana wengi hushindwa kulijibu. Hucheka kidogo, wakasema, "Mengi tu, bibi," kisha wakainamia simu. Bibi naye hunyamaza, akidhani kwamba elimu ya mjukuu imekuwa kubwa mno kwake. Mwaka mzima wa gharama na jasho umepita, na watu wawili wanaopendana wamekosa la kuambiana.

Yafaa kimya hicho kichunguzwe, maana hakikuanzia nyumbani kwa bibi. Kilianza siku za mwanzo kabisa za Chuo, na hapana shaka kwamba huwaangusha vijana wengi kuliko upungufu wa akili.

Safari ya kwenda huko ina uzito wake. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 300. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri alivuka Mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika ilipokuja barabara haikupitika kwa majuma mengi. Hata baada ya daraja na lami, mvua za kimbunga Hidaya za Mei 2024 ziliikata barabara hiyo katika eneo la Somanga, na watu wakakwama pande zote mbili. Kijana anayeondoka huku huenda akijua kwamba kurudi si jambo la kuamua asubuhi na kulitimiza jioni.

Tena huondoka na mategemeo ya wengi. Vyuo hufunguliwa karibu na msimu wa korosho. Mzazi aliyekwisha kuuza ufuta wake miezi iliyotangulia amekwisha kuutumia kwa mahitaji ya nyumba, na sasa anangoja mnada wa korosho. Nauli, godoro, ada na fedha za kuanzia hutoka katika mfuko huo mmoja, na ndugu wengine huchanga. Kwa hiyo kijana hufika Chuoni akiwa amebeba deni la heshima, na deni hilo ndilo linalomfunga mdomo.

Kimya cha kwanza ni cha darasani. Mtoto wa Kilwa amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza ambacho mara nyingi kilikuwa cha kukariri. Chuoni huingia katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, mhadhiri akazungumza Kiingereza kwa saa nzima bila kurudia neno. Waliosoma katika shule kubwa za mijini huinua mikono. Yeye huandika asichokielewa, akijiambia kwamba atakisoma usiku. Usiku hukuta maandishi yake mwenyewe hayamwelezi kitu. Angeuliza siku hiyohiyo angepata jibu la dakika mbili. Kwa kuwa hakuuliza, hulibeba fumbo lile hadi chumba cha mtihani.

Na ubaya ni kwamba mwaka wa kwanza hausamehe. Wapo wanaodhani kuwa ni mwaka wa kuzoea mazingira, na kwamba kazi itaanza baadaye. Sivyo. Katika vipimo vya vyuo vikuu vya nchi hii, vinavyokwenda hadi 5, daraja la kwanza la shahada nyingi huanzia 4.4, na wastani huo hukusanywa tangu muhula wa kwanza. Alama iliyopotea wakati kijana anaona haya humfuata hadi siku ya kuvaa joho. Aliyeshindwa somo hurudia mtihani, na aliyeshindwa zaidi huondolewa, jambo ambalo wanafunzi huliita "kudisko". Neno lenyewe hutamkwa kwa mzaha, lakini mzazi aliyeuza korosho zake haoni mzaha ndani yake.

Kimya cha pili ni cha fedha. Tangu mwaka 2005 ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Msaada wake umewafikisha mbali watoto wengi wa wakulima na wavuvi. Lakini wapo wanaopata mkopo kamili, wapo wanaopata sehemu, na wapo wanaokosa. Hata aliyepata hungoja siku ya kutoka kwa fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita "bumu". Kijana ambaye hajawahi kushika fedha za miezi miwili kwa mara moja huzimaliza kwa majuma matatu, kisha hushindia mlo mmoja kwa siku. Nyumbani wakipiga simu, hujibu, "Salama, mama." Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Wapo waliorudishwa nyumbani kwa ada isiyotimia, na wazazi wakapata habari siku mwana alipoingia mlangoni na sanduku lake.

Kimya hiki huwaumiza zaidi watoto wa kike. Msichana asiye na nauli wala chakula, na asiyethubutu kuwaambia wazazi, ni rahisi kunaswa na mtu mwenye nia mbaya anayejifanya mfadhili. Mzazi anayemwambia binti yake tangu mwanzo, "Ukipungukiwa niambie, hata kama sina," amemjengea boma imara.

Kimya cha tatu ndicho cha likizo, pale bibi anapouliza asijibiwe. Kwa hakika hiki si kipya. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mjini Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba shule zilizorithiwa kwa wakoloni zilimfundisha mwanafunzi kuona kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba wazee wake hawana la kumfunza.

Mwaka uliofuata, 1968, jibu moja zuri la hoja hiyo lilipatikana. Idara ya Historia ya Chuo Kikuu, palipokuwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliendesha utafiti wa Vita vya Maji Maji. Wanafunzi walikwenda sehemu za makwao, wakaketi na wazee, wakauliza na kuandika. Vita hivyo vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya Mdachi. Gwassa mwenyewe alikwenda kuwasikiliza wazee wa Umatumbi. Wakati huo miaka 63 ilikuwa imepita tangu vita, na walioviona kwa macho yao walikuwa wazee sana. Lau vijana wale wangeona haya kuuliza, maneno hayo yangezikwa pamoja na wenyewe, na nchi ingebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya Kusini aliyesoma Chuoni hapohapo, alitoa tamthilia yake ya *Kinjeketile*. Habari ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ikapanda jukwaani kwa Kiswahili, na tangu hapo imesomwa na vizazi vya wanafunzi. Basi Chuo Kikuu kilikwisha kuja Kilwa kuuliza, kikarudi na utajiri.

Kijana wa Kilwa anapopanda Mlimani hana sababu ya kujiona mwombaji. Chini tu ya kilima hicho, pale Ubungo, kipo kituo cha umeme ambacho kuanzia mwaka 2004 kiliendeshwa kwa gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa. Kwao kuna Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa, katika mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mtu aliyetoka mahali kama hapo anaweza kunyoosha mkono darasani bila haya, hata kama Kiingereza chake kinayumba.

Na akirudi likizo, masomo yake yapate kazi. Anayesomea uhandisi na awaulize mafundi jinsi chokaa inavyochomwa na kwa nini kuta zile zimehimili chumvi ya bahari kwa karne nyingi. Wa kilimo na aulize kwa nini ufuta wa shamba moja hustawi na wa jirani hunyauka. Anayesomea sheria na aketi na wazee wanaoamua mashauri ya mirathi na mipaka ya mashamba. Wa sayansi za bahari wapo manahodha na wakulima wa mwani, wanaojua kusi na kaskazi kuliko kitabu chochote. Kila swali la namna hiyo litampa mhadhiri wake kitu kipya, na litampa bibi jibu lake.

Wazazi nao wana wajibu wao. Wengi humwuliza mtoto swali moja tu, "Umefaulu?" Swali hilo lina majibu mawili, na moja linatisha, kwa hiyo humfundisha mtoto kuficha. Yafaa kuuliza pia: Ni somo gani limekushinda? Umemwendea nani akusaidie? Fedha zimebaki kiasi gani? Unakula nini? Mzazi ambaye hakufika sekondari anaweza kuuliza maswali hayo yote, na mtoto atajua kwamba nyumbani pana mahali pa kuweka mzigo.

Nao walimaliza mwaka huo, wa Kilwa, wa Kivinje na wa Lindi, wanalo deni kwa wanaofuata. Kabla wapya hawajaondoka, wakae nao jioni moja. Wawaambie ukweli, pamoja na ule unaowaaibisha wenyewe: somo walilorudia, fedha walizozimaliza, usiku waliolia. Kijana akijua kwamba aliyemtangulia naye alibabaika, atathubutu kuinua mkono wake mapema, katika juma la kwanza, wakati bado unafaa.

Kuuliza si ujinga. Wazee walilisema hilo kabla Chuo chochote hakijajengwa, na yeyote atakayepanda Mlimani akilikumbuka ataweza kuketi mkekani mwaka ujao, akamwambia bibi yake alichosoma, kisha akamwuliza bibi anachokijua yeye.