Homa Isiyo Malaria na Mtumishi Anayebaki: Kutambua Magonjwa Magumu na Kukuza Taaluma ya Watumishi wa Afya Ufipa

Mada kwa semina ya watumishi wa afya, Sumbawanga



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili ambayo kwa kawaida hupangiwa semina mbili: namna ya kuyatambua magonjwa magumu, na namna ya kumwezesha mtumishi wa afya ajiendeleze. Naomba niyaseme kwa pamoja, kwa kuwa hapa Rukwa yanategemeana. Ugonjwa mgumu hutambuliwa na mtu anayelijua eneo lake. Eneo hulijua aliyekaa. Na mtumishi hukaa pale ambapo kukaa hakumnyimi masomo, daraja wala heshima ya kazi yake.

2. Homa moja, mazingira matatu

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,540,519 mkoani kwetu, na watu hao wanaishi katika mazingira matatu yanayotofautiana sana. Juu kuna uwanda wa Ufipa, ambapo mji wa Sumbawanga uko kwenye mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mashariki, chini ya ukingo wa milima, kuna bonde la Ziwa Rukwa: Muze, Mtowisa, Ilemba. Magharibi kuna mwambao wa Ziwa Tanganyika: Kirando, Kipili, Kasanga. Bondeni na mwambaoni kote ni mita 800 hivi, joto lipo mwaka mzima na mbu wa malaria wanastawi. Huku juu baridi huwapunguza.

Kwa hiyo homa ya mkazi wa Laela ambaye hajasafiri haina maana ileile na homa ya mvuvi aliyepanda jana kutoka Kirando. Swali la "umetoka wapi wiki mbili zilizopita?" ni kipimo kisicho na gharama, na mara nyingi foleni inapokuwa ndefu ndilo la kwanza kurukwa.

Chukueni mfano wa mgonjwa ambaye wengi wetu tutamtambua. Ni mfugaji wa bondeni, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Ana homa inayokuja na kuondoka kwa wiki tatu, jasho jingi usiku, kiuno na viungo vinauma. Kipimo cha haraka cha malaria, yaani MRDT, kimetoa mistari miwili, maana yake chanya. Anapewa dawa mseto ya siku tatu, anapata nafuu kidogo, kisha homa inarudi. Anapimwa tena, mistari ni miwili vilevile, anapewa dozi ya pili. Sasa tukumbuke namna kipimo hiki kinavyofanya kazi. MRDT tunazotumia kwa kawaida hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kimelea chenyewe kufa. Mistari miwili ya mara ya pili haithibitishi kwamba malaria ndiyo inayomtesa leo. Hapo tunahitaji slaidi na hadubini, na tunahitaji kuuliza: unakunywa maziwa mabichi? Kuna ng'ombe aliyetupa mimba? Nani alimzalisha?

Majibu ya maswali hayo yakielekea kwenye brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo, matibabu ni tofauti kabisa: doksisaikilini pamoja na dawa nyingine, kwa wiki sita. Dozi ya dawa mseto haimsaidii mgonjwa huyo, na sindano chache za kumtuliza hazimponyi.

3. Tafiti zinatuambia nini

Mwaka 2004 mtafiti Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali, ni asilimia 46.1 tu waliokutwa na vimelea. Waliofariki kati ya wenye vimelea walikuwa asilimia 6.9, kati ya wasio na vimelea walikuwa asilimia 12.1. Takwimu hii inauma: waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao ugonjwa wao hatukuutafuta.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa John Crump na wenzake kutoka Moshi. Katika wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 waliandikiwa malaria, lakini waliothibitika kuwa nayo ni 14. Magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama yalikuwa mengi, na madaktari hawakuyafikiria.

Karibu zaidi na sisi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichunguza damu ya watu, mifugo na wanyamapori katika ikolojia ya Katavi na Rukwa, na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Takriban asilimia 30 ya watu waliopimwa walikuwa na kingamwili za bakteria wa leptospira, na ng'ombe karibu kiwango hichohicho. Kingamwili si ugonjwa. Inaonyesha tu kwamba mtu aliwahi kukutana na kijidudu. Hata hivyo inatosha kututaka tuufikirie ugonjwa huu kila anapokuja mkulima wa mpunga au mchungaji mwenye homa, macho mekundu na maumivu ya misuli ya mashavu ya miguu.

Nchi nzima iliusikia ugonjwa huu Julai 2022, watu walipougua na wengine kutokwa damu puani wilayani Ruangwa, Lindi. Sampuli zilipimwa Ebola, Marburg na UVIKO-19, zote zikatoka hasi. Uchunguzi ukaendelea hadi ikabainika kuwa ni homa ya Mgunda, yaani ugonjwa wa leptospira. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki. Dawa zinazoutibu, kama penisilini na doksisaikilini, ni za bei nafuu na hupatikana hata ngazi ya chini. Kilichohitajika zaidi ni mtu wa kushtuka mapema na kutoa taarifa.

4. Mtu huyo anatoka wapi?

Historia ya pande hizi ina mfano mkubwa. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, kisha akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali yenye jina lake ipo hapa mjini. Tunamheshimu kwa haki, lakini hatuwezi kujenga mfumo wa afya kwa kutarajia kila tabibu ajitoe kama yeye. Mfumo hujengwa kwa stahili, mafunzo na matumaini ya kupanda.

Mfano wa pili ni wa Kigoma. Dk. Godfrey Mbaruku, akiwa katika hospitali ya mkoa, aliamua kuchunguza kila kifo cha mama mjamzito na kurekebisha kilichowezekana kwa watu na vifaa vilivyokuwepo. Kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Matokeo hayo aliyachapisha na mwenzake Staffan Bergström mwaka 1995, na Mbaruku akaendelea kuwa mtafiti anayeheshimika ndani na nje ya nchi. Utafiti wa mkoani uliokoa kina mama, na uliikuza pia taaluma ya aliyeufanya. Hilo ndilo ninalolitaka kwa Rukwa.

Hali yetu ya sasa mnaijua. Tabibu anaripoti zahanati ya bondeni, anakuwa peke yake na muuguzi mmoja, hana wa kumuuliza. Anaandika rufaa ya kuja hospitali ya mkoa, mgonjwa mwingine anapelekwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na majibu hayamrudii yeye aliyemwona wa kwanza. Atajifunzaje? Miaka inapita, anaomba uhamisho, na yote aliyoyajua kuhusu kijiji kile yanaondoka naye.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila kituo kiwe na daftari la homa isiyo malaria. Liandikwe kijiji, kazi, safari, mifugo, maji, siku za homa, kipimo, dawa, na hali ya mgonjwa siku ya saba. Mwaka mmoja wa daftari hilo katika vituo vya Muze, Laela na Kirando utatufundisha mengi kuhusu mkoa wetu.

Pili, rufaa irudishe majibu. Kila anayepokea mgonjwa amwandikie aliyemleta: tulikuta hiki, tulitibu hivi. Mistari minne inatosha.

Tatu, vikao vya kesi vya kila mwezi vianzie zahanati, na saa zake zihesabiwe katika mafunzo endelevu ambayo mabaraza ya kitaaluma huyadai mtu anapohuisha leseni. Mtumishi asitumie nauli na posho yake kutafuta pointi za mafunzo hayo mbali wakati anazizalisha kazini.

Nne, halmashauri ziwe na orodha ya wazi ya ruhusa za masomo. Aliyetumikia kituo cha pembezoni atangulie, na anaporudi apangiwe kazi inayolingana na alichosomea.

Tano, madaktari bingwa wanaokuja, wakiwemo wa kambi za Madaktari Bingwa wa Mama Samia zilizoanza 2024, wapangiwe tabibu na mteknolojia wa kuketi nao mezani tangu mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho. Kambi ikifungwa, ujuzi ubaki.

Sita, mtafiti anayechukua damu hapa alete matokeo hapa, kwa Kiswahili, kwenye kituo alichochukulia. Mtumishi wa kituo aliyeshiriki apewe mafunzo ya utafiti, na jina lake liwe kwenye chapisho pale anapostahili.

6. Hitimisho

Mengi ya haya hayasubiri bajeti mpya. Daftari, barua ya majibu na kikao cha kesi vinaweza kuanza mwezi ujao kwa uamuzi wa watu waliomo ukumbini humu. Naiomba semina hii, kabla haijafungwa, iteue vituo vitatu vya kuanzia, kimoja cha uwandani, kimoja cha bondeni na kimoja cha mwambaoni, pamoja na mtu wa kuvisimamia. Mgonjwa wetu wa homa ya wiki tatu anastahili kukutana na mtumishi anayejua cha kumuuliza, na mtumishi huyo anastahili kazi inayomkuza mahali alipo.