Besi Moja, Vijana Wane, Mwalimu Hakuna

Maneno yaliyosemwa na memba mmoja katika mkutano wa ushirika, mbele ya wamemba na wafadhili



Komite iliniomba nijibu swali ambalo wamemba wako wanauliza tangu gitaa ya besi ilipofika katika ofisi yetu: tutaifanyia nini, na mwalimu hatuna? Yule aliyekuwa anapigia kwaya kule kambini Nyarugusu alipata safari ya Amerika. Sisi tulirudi Fizi, yeye akaenda upande mwingine. Wengine wamesema tuiuze, pesa iingie katika sanduku ya wagonjwa. Neno hilo silichekei. Kila mtu hapa anajua sanduku ile inasaidia nani.

Lakini mimi nasema mtu anaweza kujifunza besi bila mwalimu. Nilijifunza hivyo mimi mwenyewe. Acha nieleze namna gani, kisha mtaamua.

Kwanza, besi iko na nyuzi 4 tu. Kutoka unene mpaka wembamba: mi, la, re, sol. Ni majina yale yale ya nyuzi 4 nene za gitaa ya kawaida, ila sauti iko chini zaidi. Maana yake, kijana anayengojea zamu anaweza kujizoeza kwenye gitaa ya kawaida. Vidole vitajifunza njia ile ile.

Kuna vyuma vidogo vinavyokata shingo ya gitaa. Nafasi kati ya chuma na chuma tuiite chumba. Kulinganisha nyuzi, bonyeza uzi wa mi kwenye chumba cha 5: sauti yake lazima ifanane na la iliyo wazi. La kwenye chumba cha 5 inatoa re, na re inatoa sol. Ukipata uzi mmoja sawa, hizo zingine zinafuata. Bila kazi hiyo kila siku, sikio linazoea uongo.

Mkono wa kushoto: usibonyeze katikati ya chumba, bonyeza karibu na chuma, upande wa nyuma yake. Pale nguvu kidogo inatosha, na uzi haulii kama nzi. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, kisishike kama mtu anayeshika jembe. Vyumba vya mwanzo viko vipana, basi tumia kidole cha kwanza, cha pili, na kile kidogo kikisaidiwa na jirani yake. Ukipanda juu, ambapo vyumba ni vyembamba, kila kidole kinaweza kuchukua chumba chake.

Mkono wa kuume: vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinapokezana kama miguu inayotembea. Kidole kikishapiga uzi, kinapumzika juu ya uzi unaofuata. Tusivute uzi kwenda nje. Lakini asiyeweza vidole viwili asikate tamaa: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Marekani, alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, na dunia nzima ikacheza.

Neno ambalo wanaojifunza peke yao wanalisahau: kunyamazisha. Sauti ya besi inadumu, na usipoifunga inaingia ndani ya sauti inayofuata, wimbo unakuwa matope. Legeza kidole cha kushoto bila kukiondoa juu ya uzi, sauti inakufa. Sikilizeni rumba yetu, ile UNESCO iliyoiandika mwaka 2021 katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mpiga besi anaacha nafasi, na katika nafasi ile njo ngoma inapumua.

Sasa, wapi kuanzia? Do iko kwenye uzi wa la, chumba cha 3. Fa iko kwenye uzi wa mi, chumba cha 1. Sol iko kwenye uzi huo wa mi, chumba cha 3. Sauti tatu hizo tu, ukizipiga kwa wakati wake, zinabeba nyimbo nyingi za kwaya. Kutoka do, ukienda uzi unaofuata na kupanda vyumba viwili, unapata sol, rafiki yake. Ruka uzi mmoja na panda vyumba viwili, unapata do ya juu. Umbo hilo halibadiliki popote utakapolihamisha.

Mtauliza: nani atamkosoa? Viko vitu viwili. Cha kwanza ni saa ya ukutani. Inapiga mara 60 kwa dakika, haichoki na haimwonei mtu haya. Kijana apige sauti moja kwa kila pigo. Akiweza dakika 5 bila kutangulia wala kubaki nyuma, aende mbele. Cha pili ni telefone. Ajirekodi, asikilize kesho yake. Wakati unapiga, akili iko kwenye vidole. Kesho yake sikio liko huru, na linasema ukweli.

Kuhusu kura, ambayo hatuna kila siku: besi isiyo na bafle inalia kidogo sana. Gusanisha mwili wa gitaa na meza au kabati ya mbao, na mbao itaikuza sauti. Inatosha kujizoeza. Nyuzi zikichakaa na kupoteza mlio, zichemsheni katika maji dakika 10, zikaushwe vizuri, zinarudi kwa muda. Na tafadhali, dakika 20 kila siku zinapita saa tatu za Jumamosi. Ncha za vidole kuuma ni kawaida. Kiwiko cha mkono kikiuma, pumzika.

Sasa nirudi kwa sanduku ya wagonjwa. Leo tukialikwa kwenye arusi, tunakodisha mpiga besi, na yeye analipwa kabla ya sanduku kupata kitu. Kuuza gitaa kutatupa pesa mara moja. Kijana anayejua kupiga atabakiza pesa ile kila arusi.

Tena tazameni hao vijana wane waliojiandikisha. Wawili walizaliwa kambini. Wawili wengine ni watoto wa wale ambao hawakukimbia. Tunajua maneno yanayosemwa kati ya pande hizo mbili, juu ya mashamba na juu ya nani alibaki. Wakigawana gitaa moja, mmoja anapiga na mwenzake anashika saa, watalazimika kusikilizana.

Ninaomba mambo matatu. Gitaa isifungiwe ofisini. Iwe na daftari ya zamu, na anayeichukua aandike jina. Wafadhili, kama mtaweza, tusaidieni nyuzi mpya, seti moja tu. Na wamemba, tuwape vijana miezi sita. Siku hiyo wapige hapa mbele yetu nyimbo tatu. Wakishindwa, mimi mwenyewe nitaunga mkono kuiuza.