Binti wa Kwale aliyesomea wadudu
(Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha wazazi, Tensta)



Juzi mzazi mmoja aliniita pembeni. Amenikubalia nieleze, bila jina. Binti yake wa miaka 15 anataka kusomea wadudu. Akaniuliza, "Mwanangu, tulikimbia vita mpaka huku ili mtoto aende kukimbiza panzi?" Nilicheka, kisha nikaona anauliza kwa uchungu. Nikamwahidi jibu.

Kuna mwanamke anaitwa Esther Ngumbi. Alikulia kijijini Kwale, pwani ya Kenya, kusini mwa Mombasa. Kwao walilima. Tangu utotoni aliona wadudu wakila shamba na ukame ukimaliza kilichobaki. Sisi tuliotoka Fizi au Uvira tunajua njaa inayofuata hapo. Wengi wetu tuliwachukia wadudu, basi. Yeye akataka kujua wanafanyaje kazi. Akasoma Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha Auburn, huko Alabama, Marekani, akapata udaktari wa elimu ya wadudu mwaka 2011. Leo anafundisha Chuo Kikuu cha Illinois.

Alichosomea Auburn ni hiki. Kiwavi akitafuna jani, mmea haunyamazi, hutoa harufu. Pua zetu hazitambui ujumbe huo, lakini kuna nyigu wadogo kuliko punje ya mchele wanaoufuata. Nyigu jike hutaga ndani ya kiwavi, na watoto wake humla kiwavi kutoka ndani. Ni kama mmea umepiga yowe na majirani wakaja. Wapo nyigu wanaowinda viwavi wa aina chache tu, na wapo wasiochagua. Ngumbi alichunguza jinsi kila kundi linavyozitambua harufu hizo. Siku hizi anachunguza pia mahindi na nyanya zilizofurikiwa na maji: zinajilindaje na wadudu?

Mzazi atauliza, mkulima anapata nini? Kenya kuna kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Watafiti wake walishiriki kubuni njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya nepia pembezoni. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo anayezaa viwavi wa bua, nepia humvuta nje ya shamba. Mkulima hahitaji kununua dawa ya kupuliza kwa ajili ya viwavi hao.

Sasa ya hapa. Binti akitaka njia hii, gymnasiet achague Naturvetenskapsprogrammet. Lazima afaulu masomo 12, yakiwemo biolojia, kemia na fizikia, kwa hiyo msisubiri darasa la tisa liishe ndipo mje kwangu. Chuo kikuu cha kilimo, SLU, kina kampasi Uppsala, si mbali kwa treni. Na ninyi mlioletwa hapa kwa vibali vya ukimbizi, watoto wenu hawalipi ada ya chuo kikuu. Wengi mnaamini wanalipa.

Binti mwenyewe nimeshaongea naye. Nilimwambia ajihadhari na wadudu wanaoitwa kupe kule Järvafältet. Akanisahihisha: kupe ana miguu minane, mdudu ana sita. Jumatano anakuja ofisini na mama yake, na karatasi ya alama.